Somo la Shamba: Kuondoa Vichaka Vamizi kwa Panga na kwa Dawa



Katika mikutano ya matawi swali moja limekuwa likirudi kila mara: Je, dawa ya kuulia magugu yafaa kutumiwa ndani ya shamba la mikarafuu? Wako wanaosema yafaa, kwa sababu kibarua wa kupalilia ni ghali na vijana wamekwenda mjini. Wako wanaosema ni sumu tupu, haifai hata kuvuka kizingiti cha shamba. Sisi twaona kila upande umeshika kipande cha ukweli. Kwa hiyo tumeandika somo hili ili lisomwe matawini, lijadiliwe, na kila mwenye shamba aamue kwa akili yake.

Twaanza mbali kidogo, Mkoa wa Mara, katika wilaya za Musoma, Bunda na Butiama. Huko hakuna mkarafuu hata mmoja. Kuna mihogo, mtama, mahindi, pamba na ng'ombe wengi. Lakini kuna kichaka kimoja kigeni ambacho kimewafundisha wakulima wa huko mambo ambayo sisi wa visiwani yatupasa tuyajue kabla hayajatufika.

GUGU LENYEWE

Wataalamu huliita Chromolaena odorata. Huko Mara tulisikia watu wakiliita amachabongo. Ni kichaka cha jamii moja na alizeti. Mahali pa wazi hufika kimo cha mita 2 hadi 3, na likipata mti wa kuegemea hupanda juu zaidi. Majani yake hukaa mawilimawili yakitazamana kwenye tawi. Kila jani lina umbo la pembetatu, na mishipa mitatu huanza pamoja karibu na kikonyo kisha huachana kama meno ya uma. Ukilifikicha jani, hutoa harufu kali inayokaribia ya mafuta ya taa. Maua ni madogo, meupe au ya zambarau hafifu, yamekusanyika vishada vishada nchani.

Kwao ni Amerika, tangu kusini mwa Marekani na visiwa vya Karibi mpaka Argentina. Katika karne ya 19 lilipelekwa India kuwa ua la bustani, likatoroka bustanini. Nigeria lilifika mnamo mwaka 1937, nalo halikualikwa: mbegu zake zilikuwa zimechanganyika na mbegu za miti ya gmelina zilizoagizwa kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Kutoka hapo likaenea Afrika Magharibi na Kongo, na sasa limo Afrika Mashariki.

Tazameni jambo hilo, ndugu zetu. Watu waliagiza mbegu za miti mizuri, na ndani ya gunia hilohilo wakapokea adui. Nasi visiwani hupokea mbegu, miche, mifugo, majani ya kulishia na magari kutoka Bara kila wiki.

KWA NINI LINASHINDA

Tulipopita katika barabara itokayo Mwanza kupitia Bunda kuelekea Musoma, tuliliona kwanza kandokando ya barabara, kisha kwenye mipaka ya mashamba, kisha katikati ya malisho. Huo ndio mwendo wake. Mmea mmoja mkubwa waweza kutoa mbegu makumi ya maelfu kwa mwaka. Kila mbegu ina manyoya mepesi kichwani, basi upepo huichukua, na vilevile hushika katika nguo, manyoya ya ng'ombe na matope ya magurudumu. Tuliposhuka Butiama tulizikuta ndani ya soksi zetu wenyewe. Tulizikusanya katika karatasi tukazichoma hapohapo, kwa maana tusingependa kuwa sisi ndio wa kuzileta nyumbani.

Madhara yake ni ya namna nne. Kwanza, linafunika malisho. Ng'ombe hulikwepa, na majani yake machanga yana naitreti nyingi ambayo ni sumu kwa mnyama akiyala sana. Pili, linajaa katika shamba lililopumzishwa, na kulirudisha shamba hilo katika kilimo ni kazi ya jasho. Tatu, linazuia miche ya miti ya asili isiote. Nne, linaleta moto. Vijiti vyake vikikauka huwaka kwa ukali, na moto hupanda juu ya miti liliyoiegemea. Mwenye mikarafuu na asome sentensi hiyo mara mbili, kwani mkarafuu haustahimili moto.

Wako wanaolipenda, nasi hatuna budi kulisema hilo kwa haki. Katika nchi nyingi za Asia na Afrika Magharibi watu huyasaga majani yake na kuyaweka juu ya jeraha ili damu ikome. Lakini mtu asilichukue na kulipanda uani kwa ajili ya dawa.

KWA NINI PANGA PEKE YAKE HALITOSHI

Wakulima wa Mara hawakukaa kitako, wamefyeka. Tatizo ni kwamba kichaka hiki kina uvimbe wa mizizi chini tu ya ardhi, na humo ndimo kinamoweka akiba yake. Ukikata shina moja, machipukizi kadhaa hutoka kwenye kisiki. Ukikichoma, kisiki hubaki hai na mvua ya kwanza hukiamsha. Anayefyeka mara moja kwa mwaka bila kurudi, hasa baada ya maua, hufanya kazi mbili kwa pamoja: hukipogoa kichaka na hukipandia mbegu.

Sisi tunavyo vichaka vyetu vyenye tabia hiyohiyo. Lantana, ile yenye maua ya rangi mbili tatu katika kichwa kimoja na miiba midogo kwenye shina, nayo huchipua kisikini baada ya kufyekwa. Kwa hiyo hata kama hujapata kuliona gugu la Mara, njia tutakazozieleza zitakufaa.

NJIA NNE, KWA UTARATIBU WAKE

Njia ya kwanza ni kung'oa. Mche mdogo, usiozidi magoti, hung'olewa kwa mkono au kwa ncha ya jembe, udongo ukiwa umelowa baada ya mvua. Uvimbe wa mizizi lazima utoke. Hakuna dawa inayoshinda njia hii kwa urahisi wala kwa usalama, na mtoto wa skuli aweza kuifanya. Chini ya mikarafuu usichimbe kwa kina, kwa maana mizizi mingi ya mkarafuu inayotafuta chakula iko karibu na uso wa ardhi. Ng'oa, kisha funika tundu kwa majani makavu.

Njia ya pili ni kukata na kupaka dawa kisikini. Hii ndiyo tunayoipendelea kwa vichaka vikubwa vilivyo karibu na mikarafuu. Kata shina kiasi cha upana wa kiganja kutoka ardhini, mkato uwe bapa. Papo hapo, kabla hazijapita dakika chache, paka dawa juu ya mkato kwa brashi ndogo. Usikate asubuhi ukapake jioni, kwani mkato ukikauka dawa haiingii. Kama kichaka kina mashina 7, paka yote 7; ukiacha moja, hilo litakilisha kisiki kizima. Dawa hukaa kisikini, haipeperuki.

Njia ya tatu ni kupulizia majani. Hii ni kwa eneo kubwa lisilo na mazao, kama ukingo wa barabara au shamba lililoachwa. Kwanza fyeka, toa takataka, ungoja machipukizi yafike kimo cha goti mpaka kiunoni, kisha upulizie majani hayo mapya. Kupulizia kichaka kirefu kuliko mtu ni kupoteza fedha na kujipulizia uso.

Njia ya nne ni wadudu waliochunguzwa na wataalamu. Watu wa Musoma wanaifahamu habari hii kwa sababu ya ziwa lao. Gugu-maji lilionekana katika Ziwa Victoria mnamo mwaka 1989, likaziba bandari na mialo ya wavuvi. Kupulizia sumu katika maji ambayo watu huyanywa kulileta hofu kubwa. Katika miaka ya 1990 nchi zote tatu za ziwa hilo zilifungulia wadudu wadogo jamii ya fukusi, ambao hula gugu-maji, na kufikia mwisho wa miaka hiyo gugu lilipungua sana, ingawa halikutoweka na hurudi mara kwa mara. Kwa kichaka cha Mara yuko inzi mdogo ambaye funza wake hufanya uvimbe katika shina. Indonesia walimfungulia mwaka 1995, na Papua New Guinea wakafuata. Lakini kazi hii ni ya serikali na wataalamu. Mkulima asilete mdudu mfukoni.

DAWA ZINAVYOFANYA KAZI

Mwenye kununua dawa asome jina la kiini kilichomo ndani, wala si jina kubwa la biashara lililo mbele ya chupa.

Glaifoseti huingia kwa majani mabichi au kwa mkato, ikashuka hadi mizizini. Huua karibu kila mmea wa kijani, mkarafuu nao ukiwamo. Ikigusa udongo hunaswa na kupoteza nguvu. Ndiyo sababu ukiichanganya na maji ya matope haifanyi kazi. Tumia maji safi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Mamlaka nyingine kadhaa za dawa zilitofautiana na hukumu hiyo. Sisi hatutaki kuwa mahakimu. Twasema hivi tu: tumia kidogo, na ujikinge.

Triklopiri huua vichaka na miti yenye majani mapana, na huacha nyasi nyingi zikiwa hai. Inafaa sana malishoni. Lakini mkarafuu nao ni mti wa majani mapana, basi usidhani utasamehewa.

Imazapiri hudumu katika udongo na kunyonywa na mizizi. Chini ya mikarafuu isitumiwe kabisa.

Parakwati huunguza majani kwa haraka, na mkulima hufurahi siku ya pili. Haifiki mizizini, kwa hiyo kichaka hurudi. Tena funda moja tu laweza kumwua mtu, nayo haina dawa ya kuiponya. Katika Umoja wa Ulaya haijaruhusiwa tangu mwaka 2007. Sisi twashauri isiingie katika nyumba ya mwanachama.

Nunua dawa iliyosajiliwa tu. Huko Bara kazi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu; hapa visiwani muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wako. Na mwanachama ambaye shamba lake limeandikishwa kuwa la kilimo-hai asitumie dawa yoyote kati ya hizi, maana atapoteza cheti chake. Yeye ashike jembe, panga na subira.

HESABU YA BOMBA

Wengi huharibu hapa. Kabla ya kutia dawa, tia maji matupu katika bomba la mgongoni. Pima mraba wa mita 10 kwa mita 10, upulizie kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 4. Eka moja ina miraba kama hiyo ipatayo 40. Basi eka moja itataka lita 160, yaani karibu bomba 11 za lita 15.

Sasa tazama kibandiko. Kikisema sehemu 2 za dawa katika 100 za mchanganyiko, bomba la lita 15 litataka mililita 300 za dawa, na eka nzima itataka lita 3 na mililita 200. Tumia kipimo chenye alama. Kifuniko cha chupa si kipimo. Kuzidisha dawa si kuzidisha ushindi. Pengine majani huungua upesi mno, na dawa haipati nafasi ya kushuka mizizini.

Pulizia asubuhi umande ukishakauka, upepo ukiwa umetulia, na mvua isitazamiwe kwa muda wa saa 6 hivi. Usipulizie majani yaliyojaa vumbi wala yaliyonyauka kwa kiangazi. Kaa mbali na kisima, kijito na mahali pa kuanikia karafuu.

KOSA LETU WENYEWE

Tusije tukaonekana tunahubiri tu, na tueleze lililotupata. Tulikuwa na miche 50 ya mikarafuu, yenye umri wa miaka miwili, katika kipande kilichozingirwa na lantana. Tulikuwa na haraka, kwani tulitaka kumaliza kabla ya mvua. Tukapulizia saa tisa alasiri, upepo ukianza kuvuma. Tulijiambia kwamba tuko umbali wa kutosha.

Baada ya wiki mbili majani mapya ya miche yalitoka membamba kama nyuzi, na ya zamani yakageuka manjano. Miche 31 ikafa. Hasara si bei ya mche. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo kwa alasiri moja tulitupa miaka ya watoto wetu. Miche 19 iliyobaki imesimama, lakini kila tupitapo twaona mapengo.

La pili lilikuwa karibu kuwa kubwa zaidi. Dawa ile tuliinunua kwa rejareja, imemiminwa katika chupa ya maji ya kunywa, haina kibandiko. Tuliiweka barazani. Mtoto wa nyumba, mwenye kiu, aliishika na kufungua kifuniko. Bibi yake akampigia ukelele, akaiachia. Mungu alitusitiri. Tangu siku hiyo tumeweka sheria: dawa haitoki katika chupa yake, na chupa haitoki katika sanduku lenye kufuli.

KUJIKINGA

Vaa mikono mirefu, suruali iliyoshushwa juu ya viatu vya mpira, na glavu za mpira. Unapochanganya vaa miwani pia. Usizibue ncha ya bomba kwa kupuliza na mdomo. Usile wala usivute sigara kabla ya kunawa. Bomba la kuulia magugu liwe la kazi hiyo tu, lipakwe alama nyekundu. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yarudi katika bomba, kisha itobolewe ili asije mtu akaitia mafuta ya kula. Mtu akinywa dawa, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa yenye kibandiko iende pamoja naye.

NENO KUHUSU UPUPU

Mwanachama mmoja ametuuliza kama dawa yafaa kwa upupu. Huko Marekani kuna mmea wenye mafuta yanayobabua ngozi, nao ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Aliyepata kuunguzwa na utomvu wa ganda la korosho mbichi anaweza kuyakisia maumivu yake. Wamarekani wanaonya usichomwe moto kamwe, kwa kuwa moshi wake hudhuru mapafu. Upupu wetu ni mwingine: ni wa jamii ya kunde, na kinachowasha ni vinyweleo vya maganda yake. Basi saa ya kuushinda ni kabla haujazaa. Ukate shina chini wakati wa maua, uuache unyauke ukiwa umening'inia. Maganda yakishakomaa, ulowanishe kwa maji kabla ya kuugusa, usimame upande upepo unakotoka, wala usiuburute juu ya watu. Dawa haihitajiki.

KURUDI, NA KUFUNIKA PENGO

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kazi imekwisha. Mbegu nyingi za kichaka cha Mara huota katika mwaka wa kwanza, na baadhi hungoja miaka kadhaa ardhini. Kwa hiyo anayekiondoa mwaka huu apange kurudi baada ya kila msimu wa mvua kwa miaka 3 au zaidi, kung'oa vichanga. Siku moja ya kurudi ina thamani kuliko siku kumi za kufyeka.

Tena kichaka hiki kina udhaifu mmoja: hakipendi kivuli kizito. Hakiwezi kuota chini ya miti iliyoshikamana vizuri. Hapo ndipo sisi wenye mikarafuu tuna silaha ambayo mfugaji wa Bunda hana. Shamba lililojaa, mikarafuu kwa migomba, ni ukuta. Shamba lenye mapengo ya miti iliyokufa na isiyopandikizwa ni mlango wazi. Anayetaka kutumia fedha, na azitumie kwanza kwa miche, na zitakazobaki ndizo za dawa.

Jibu letu, basi, kwa swali la matawi ni hili: dawa yafaa kisikini, kwa brashi, kwa mkono unaojua unachofanya. Karibu na miche ya mikarafuu, bomba lisipite.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Utalitambuaje gugu la Mara kwa kutazama jani, na kwa kulinusa?

2. Kwa nini kufyeka baada ya maua ni kulisaidia gugu?

3. Bomba lako lina lita 20. Kibandiko chasema sehemu 2 katika 100. Utatia mililita ngapi za dawa?

4. Ni mizigo gani inayofika katika kijiji chenu kutoka Bara ambayo yaweza kuchukua mbegu za magugu, na nani ataitazama?

5. Kila mwanachama ahesabu mapengo katika shamba lake na kutaja idadi yake mbele ya wenziwe. Tawi liandike hesabu hiyo, na baada ya mwaka mmoja isomwe tena.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mkiona kichaka msichokifahamu, msikiache kitoe maua. Kateni tawi, litieni katika mfuko uliofungwa, mpelekeeni Bwana Shamba au Bibi Shamba.